Kibati Kisicho Chake

Mimi nauza vifungo, zipu na nyuzi Kariakoo, kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Sikukuu, na kwa miaka kumi na minane jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mama Godi. Jina lake la ubatizo ni Fortunata. Yeye Mchaga wa Kilema, mimi Mpare wa Usangi, kwa hiyo anayejua utani wetu ataelewa kwa nini hatujawahi kusalimiana bila kuchokozana. Akinikuta asubuhi ananiuliza nimeuza ng'ombe wangapi kuendesha kesi ya kuku. Mimi namuuliza kama usiku alilala na mume au alilala na funguo za duka. Wateja wageni hushtuka wakadhani tunagombana. Wenyeji hununua wakaenda zao.

Kilichonishinda kumwelewa kwa muda mrefu ni biashara yake. Uchochoro mzima unauza kava za simu, chaja na spika zinazopiga kelele kutwa. Mama Godi anauza kadi za kompyuta za zamani. Za zamani kweli, zile kompyuta za rangi ya maziwa yaliyochacha, ukiiwasha moja unaweza kwenda kuswali Adhuhuri ukarudi ukaikuta bado inaamka. Ndani yake kuna milango mirefu myembamba, na kila mlango huchomekwa kadi yake: hii ya kuleta picha kwenye kioo, hii ya sauti, hii modemu ya kuunganisha na simu ya mezani, hii ya printa. Bila kadi, kompyuta ile ni sanduku.

"Nani anayataka madubwana haya?" nilikuwa nikimuuliza kwa dharau, na hapa naomba radhi. Wanaoyataka wapo. Wanakuja wenye mashine ya kukatia vioo, wenye mashine ya kutarizi, wenye maabara. Wana mashine nzuri, nzima, lakini imezoea kompyuta yake ya zamani na haitaki mpya, kama mume aliyezoea ugali wa mama yake. Siku kadi inapokufa, mtaa mzima wa Bongo unawaambia tupa, nunua nyingine. Ndipo mtu mmoja anawanong'oneza: nendeni kwa yule mama wa Sikukuu.

Alijifunza mwenyewe. Mwaka themanini na tisa alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja ya mizigo jirani na bandari, kompyuta ya kwanza ikaletwa, na haukupita mwezi ikagoma kuchapa. Fundi ikabidi asubiriwe kutoka Nairobi, na barua za meli zikalala siku nne. Siku ya tano, bosi alipokwenda kula samaki wa kukaanga Feri, Fortunata alilifungua lile sanduku kwa kisu cha kupakia siagi. Akakuta kadi ya printa imechomoka upande mmoja. Akaisukuma kwa vidole gumba viwili mpaka ikakaa. Bosi aliporudi alikuta printa inalia na msichana wake anachapa kimya, jasho linamtiririka. Ameniambia kisa hicho mara mia, na kila mara akifika kwenye vidole gumba anavinyanyua nivione.

Kumtazama akiitambua kadi ni raha ambayo sikuitegemea maishani. Mwisho wa kila kadi kuna kipande cha bati, tunakiita kibati, ndicho kinachoonekana nyuma ya kompyuta na kina matundu ya kuchomekea nyaya. Wasiojua huangalia matundu hayo wakasema hii ya simu, hii ya sauti. Mama Godi hawezi kuwavumilia. "Kadi haisomwi nguo, inasomwa kifua!" huwafokea. Yeye huigeuzia kwenye mwanga, akaweka jicho kwenye lenzi yake, akasoma namba zilizoandikwa juu ya vidude vyeusi vilivyotiwa kwenye ubao. Huhesabu meno ya dhahabu kwenye ukingo. Namba zikiwa zimefutika, hufuata njia za shaba kwa ncha ya ukucha, ananung'unika. Halafu ghafla hupiga meza kofi: "Nimekushika!" Bibi wa miaka sitini na moja, anaruka.

Sasa, Jumanne moja ya mwezi wa kumi, bajaji ilisimama mdomoni mwa uchochoro akashuka mwanamume mwenye fimbo nyeupe. Dereva akambebea kompyuta mpaka kwetu. Yule bwana alisimama sawasawa mbele ya meza ya Mama Godi bila kuelekezwa.

"Shikamoo mama. Naitwa Ansbert, ni mwalimu. Nafundisha sekondari kule Buguruni, wanafunzi wasioona kama mimi."

"Marahaba mwalimu. Karibu. Umejuaje kama ndipo hapa?"

"Nimesikia harufu ya vumbi la moto," akasema, nasi tukacheka.

Halafu hakucheka tena. Alieleza kwamba kompyuta ile ndiyo inayoendesha mashine yao ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa kwa vidole. Mashine yenyewe ililetwa na wafadhili zamani, waya wake haushiki kompyuta yoyote isipokuwa yenye kadi yake maalumu. Wiki mbili zilizopita kompyuta ilizimika katikati ya kuchapa masomo ya marudio, kukanuka moshi.

"Nina watahiniwa kumi na mmoja wa Kidato cha Nne," alisema. "Mtihani ni wiki tatu zijazo. Wenzao wanaoona wana madaftari na vitabu. Wangu wana masikio tu, wanasubiri mwenzao akipata nafasi awasomee. Mashine mpya nimeahidiwa mwakani. Mwakani watakuwa wameshafeli."

Mama Godi alikuwa ameshachukua bisibisi. Alifungua skrubu, akavuta kifuniko, na pale ndani tukamwona mhalifu: mjusi. Amekauka, amekumbatia kona ya kadi kwa miguu yote minne. Alikuwa amejipasha joto mahali pasipofaa, akaunganisha visivyounganishwa, akafa na kadi ya watu. Kona ile yote ilikuwa mkaa.

Mama Godi aliichomoa, akaipeleka kwenye lenzi. Nikamwona anakunja uso, anaisogeza, anairudisha. Mguu ukaanza kutikisika.

"Hii nimewahi kuishika," akasema taratibu. Kisha akanigeukia kwa sauti kubwa: "Zena! Hii nimewahi kuishika! Ule mzigo wa wamisionari, kompyuta tisa, unaukumbuka? Kulikuwa na kadi kama hii. Sikujua ya nini, nikaiweka. Ipo! Ipo humu ndani!"

Hapo ndipo ilipoanza vurugu. Alimwaga makasha. Aliwaita wauza kava watatu wakasaidia kushusha maboksi. Alisoma kadi moja baada ya nyingine, hii picha, hii sauti, hii mtandao, hii picha, akizitupa upande wa pili bila kuangalia. Mwalimu Ansbert alikaa kwenye kigoda changu, mikono magotini, kila kadi inapoanguka anageuza sikio. Saa mbili zikapita. Kasha la mwisho likaisha.

"Haipo," Mama Godi akasema, akajibwaga kwenye kiti. Sijawahi kumwona hivyo. "Nitakuwa niliiuza kwa wale wanaoyeyusha kadi kutoa dhahabu. Mungu wangu, niliiuza."

Mwalimu alianza kutafuta fimbo yake kwa mkono.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimetazama juu. Kule karibu na dari, juu ya meza yake, kulikuwa na mstari mzuri wa kadi arobaini zimening'inia misumarini, zimefungwa nailoni, vibati tu vinang'aa. Mimi ndiye niliyezitundika.

Ilikuwa Desemba, miaka sita nyuma. Mnajua Desemba Wachaga wanavyopanda kwao, nusu ya Kariakoo hufungwa. Mama Godi aliniachia ufunguo nimwangalizie. Nikakuta kadi zimerundikwa kwenye boksi kama magome, na mimi siwezi kuvumilia bidhaa iliyorundikwa. Kwangu kila kitu kinaning'inia. Tatizo, kadi zile hazikuwa na vibati, na kadi hutundikwa kwa kibati. Lakini kulikuwa na kopo limejaa vibati vitupu na skrubu zake. Nikakaa siku tatu, nikazivisha zote. Nilichagua vibati kama ninavyochagua vifungo vya shati, vinavyofanana, vyenye matundu mawili madogo ya waya wa simu. Nikazipanga. Zilipendeza! Januari Mama Godi aliporudi alitazama juu akasema, "Kumbe nilikuwa na modemu nyingi hivi," nikadhani ananisifu. Modemu hazina mteja. Hakuzigusa tena.

Ningeweza kunyamaza. Sisi Wapare tunasemwa kwa kutokubali kushindwa kesi, na ile ilikuwa kesi niliyokuwa nimeshindwa kabla haijasikilizwa. Nikamtazama mwalimu ameshasimama.

"Mama Godi," nikasema. "Zile za juu si modemu."

"Ni modemu. Naona vibati."

"Vibati niliweka mimi."

Alinitazama kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa. "Wewe Mpare!" Sauti yake ilifika Msimbazi. "Umezivisha kadi zangu nguo za watu? Miaka sita naangalia nguo? Mimi! Mimi ninayewafokea watu!" Nilidhani atanipiga kwa bisibisi. Badala yake alipanda juu ya meza kwa viatu, bibi yule, akaanza kuzing'oa misumarini na kunirushia. "Shika! Shika! Fungua nailoni! Mwalimu usiondoke, kaa chini!"

"Mama," Ansbert akasema, "nipeni ile yangu iliyoungua. Na hizo nipeni moja moja."

Akaipapasa ile mbovu mara moja tu, kifua mpaka mgongo. Kisha wakaanza, na hili natamani ningelirekodi kwa simu. Mama Godi anasoma kwa lenzi, mwalimu anasoma kwa vidole, mimi nagawa huku na huku. Wanashindana! Mama Godi anasema "Siyo," mwalimu naye "Siyo," mwalimu akawa anamzidi mbio kwa sababu namba hazimhusu, anatafuta umbo: kilima kirefu katikati, vilima vinne vifupi kushoto, chupa ndogo mbili pembeni. Watu wakajaa. Muuza spika alizima muziki, jambo ambalo hata msiba haujawahi kumfanya alitende.

Kwenye ya ishirini na saba Ansbert alisimamisha vidole. Akarudi nayo mwanzo.

"Mama. Hebu."

Mama Godi alimpokonya. Akaiweka chini ya lenzi na ile iliyoungua kando yake. Namba kwa namba. Meza ilipigwa kofi, kopo la skrubu likaruka. "Nimekushika! Nimekushika mwanahizaya!" Uchochoro mzima ulipiga kelele, na nusu yao hawakujua tumepata nini. Mwalimu alikuwa anacheka huku amejiziba uso.

Nikabanwa niifungue ile nguo niliyoivisha. Niliifungua kwa heshima. Mama Godi akang'oa kibati chenyewe kutoka kwenye kadi iliyoungua, akakifunga kwenye hii nzima. Akasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli mpaka yakang'aa, akanipulizia uchafu usoni makusudi. Akaniambia nifunge duka.

"Niende wapi?"

"Buguruni. Uliyeificha utaishuhudia ikifa au ikipona."

Tukaenda na bajaji ile ile, kompyuta magotini kwangu.

Mashine ya nukta nundu ilikuwa kwenye chumba kimoja nyuma ya madarasa, kubwa, nzito, imefunikwa kanga. Walimu walisema tusubiri, lakini wanafunzi walikuwa wameshasikia bajaji. Wakaja kumi na mmoja wakajipanga ukutani. Wa mbele alikuwa Salma, binti wa miaka kumi na tisa. Mwaka jana, kwenye shule isiyo na mashine, alifanya mtihani huu kwa kusikiliza tu, akafeli, akaja kurudia hapa. Alitusalimia kisha akauliza swali moja: "Inachapa?"

"Ngoja," mwalimu akamwambia.

Mama Godi aliichomeka kadi. Vidole gumba viwili, kwa pamoja, bila haraka, mpaka ikaingia. Akafunga skrubu, akaunganisha waya wa mashine, akawasha. Kioo kikaleta maandishi, mistari mitatu, kikaganda.

Mama Godi hakushtuka. Alizima, akaniambia bila kunitazama: "Kila kadi ina namba yake ya kuitiwa. Zikiwa mbili zenye namba moja, kompyuta ikiita zinaitika zote, inachanganyikiwa. Namba zinapangwa hapa." Akanionyesha vikofia vidogo vya plastiki, vidogo kuliko punje ya mchele, vinavyovikwa kwenye pini. "Sehemu sita. Kila moja ina kofia au haina. Njia sitini na nne. Kwenye ile ya zamani ningenakili tu, lakini mjusi wako ameunguza kona hiyo hiyo."

"Si mjusi wangu!"

Alijaribu ya kwanza. Ikaganda. Ya pili. Ya tatu. Kila mara kuzima, kuchomoa, kubadilisha kwa kibano, kuchomeka, kusubiri iamke. Nilipiga hesabu kichwani nikaona tutakesha pale.

"Mama," Ansbert akasema, "umesema sehemu sita. Zimekaaje?"

"Mistari miwili. Tatu upande huu, tatu upande huu, zimesimama."

Mwalimu aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika meza, na Salma naye akaanza kucheka, na wale wengine, wote ukutani, sisi wawili wenye macho tumetoa macho kama wajinga.

"Mama, hiyo ni herufi!" akasema. "Nukta nundu ndivyo zilivyo! Nukta sita, tatu kushoto, tatu kulia. Herufi zote zimo humo. Siku mashine ilipofungwa fundi aliniruhusu niishike kadi, nikapapasa hapo nikamwambia, kumbe kadi yangu imeandikwa M. Alidhani natania. Nilisahau kabisa!"

"M inakuwaje?" Mama Godi alikuwa ameshika kibano hewani.

Walijibu kumi na mmoja kwa pamoja: "Juu mbili, chini kushoto moja!"

Akavika. Tatu. Akachomeka, akawasha. Mistari mitatu. Ikaganda.

Nilianza kusoma moyoni kila dua niliyofundishwa Usangi.

"Uliishikaje?" mwalimu akauliza.

"Meno juu, nione vizuri."

"Mimi niliishika meno chini. Umeandika M imesimama kichwa chini. Nipe, mama."

Akampa kadi, hata kibano akamwekea mkononi. Ansbert aliweka kibano mezani. Alivivua vikofia kwa kucha, akavivika kwa ncha ya kidole, kimoja, viwili, vitatu, upesi kuliko mimi ninavyotunga uzi. Mama Godi akaichomeka. Akawasha.

Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne. Wa tano. Kioo kikajaa.

"Inakwenda!" nikapiga ukelele. "Inakwenda, jamani, inakwenda!" Mama Godi alinikumbatia, yeye ambaye kwa miaka kumi na minane hajanigusa ila kunisukuma. Mwalimu alikuwa ameshakaa mbele ya kibodi. Akabonyeza mara mbili, na ile mashine kubwa, kanga imeshaondolewa, ikaguruma, ikaanza kupiga kama bisi zinazoruka sufuriani. Wakaja wote wakaizunguka.

Salma alifika kwanza. Hakusubiri karatasi itoke. Aliweka vidole palepale inapochomoza, akaanza kusoma kwa sauti, Historia, sababu za Vita vya Majimaji, mstari ukitoka naye anao. Wenzake wakanyamaza kumsikiliza. Alisoma upesi kuliko mashine inavyochapa. Kila mstari ulipoisha, vidole vyake vilisimama ukingoni vikingoja, na uso wake, sijui niseme nini, nililia tu. Mimi Zena wa kesi nililia mbele ya watu.

Karatasi ya kwanza ilipotoka yote, mwalimu akanyoosha mkono kuichana.

"Mwalimu, acha iendelee," Salma akasema, vidole haviondoki. Kisha akageuza uso upande alikosikia sauti ya Mama Godi. "Mama, haiwezi kwenda haraka zaidi?"

"Mwanangu, ina miaka thelathini hiyo."

"Basi tusiizime."

Hatukuizima.